Matangazo ya kanisa Mombasa: WhatsApp, SMS na barua pepe, kipi kinafika na kipi kinapotea

Kanisa lenye washirika 600, wengine kisiwani na Nyali, wengine Changamwe, Mikindani, Kisauni na ng'ambo ya Likoni, halina njia moja ya kuwafikia wote. Hiyo ndiyo hukumu, na heri isemwe mapema. WhatsApp inafaa kwa matangazo ya wiki, mradi iwe imepangwa vizuri. SMS ni ya dharura na ya wazee, na makanisa mengi yanaidharau bure. Barua pepe ni ya kamati, kumbukumbu na hesabu. Anayeitumia kuwatangazia waumini wote anajichosha.

Kundi la WhatsApp lililo wazi

Ndilo linalotumika zaidi, na ndilo linalofanya kazi hii vibaya zaidi. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024, kwa hiyo nafasi ipo tele. Kinacholiua tangazo ni kwamba kila mtu anaweza kuandika. Tangazo la mkesha linatumwa saa mbili usiku. Kufikia saa tatu limeshafunikwa na "Amina" 60, mistari ya Biblia, maua ya kutakiana usiku mwema, nyumba ya kupanga Bamburi na video isiyojulikana ilikotoka. Anayefungua simu alfajiri anakuta jumbe 140, anatupa macho kwenye wa mwisho, anafunga. Tangazo halijasomwa, lakini katibu ana hakika limesomwa kwa sababu watu waliitikia "Amina".

Dawa iko kwenye mipangilio ya kundi: wasimamizi pekee ndio waruhusiwe kutuma. Baadhi ya waumini watalalamika kwamba kanisa limewaziba mdomo, na malalamiko hayo yajibiwe kwa upole, yasipuuzwe. Ile kengele ya Freretown, pale Kengeleni, ililia kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Ililia, watu wakasikia. Kundi la matangazo lina kazi ya namna hiyo. Mazungumzo yapewe kundi lake kando, na anayetaka kuzungumza aingie huko kwa hiari.

Njia safi zaidi ni kutumia ule mpango wa WhatsApp wa Jumuiya, uliotoka mwaka 2022. (Wakatoliki wasiuchanganye na jumuiya ndogo ndogo za parokia, ingawa hizo ndizo zinazonufaika nao zaidi.) Jumuiya ina kundi moja kuu la matangazo ambalo wasimamizi pekee huandika, na chini yake makundi madogo: kwaya, vijana, akina mama, walimu wa shule ya Jumapili, kila eneo na lake. Faida kubwa ni kwamba kwenye lile kundi la matangazo washirika wa kawaida hawaoni nambari za wenzao. Kwenye kundi la kawaida kila nambari iko wazi, na tapeli mmoja akiingia kwa kiungo kilichobandikwa Facebook anavuna nambari zote kwa dakika chache. Kwa hiyo kiungo cha kujiunga kisiwekwe hadharani, na washeni ile sehemu inayomtaka msimamizi aidhinishe kila anayeomba kuingia. Kiungo kikishavuja, msimamizi akibadilishe. Cha zamani kitakufa hapo hapo.

Orodha ya matangazo, ile inayompelekea kila mtu ujumbe kana kwamba umeandikiwa yeye peke yake, ni nzuri sana kwa mchungaji anayetaka kuwaandikia wagonjwa au wafiwa. Ina mipaka miwili. Orodha moja haizidi watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi nambari ya kanisa kwenye simu yake. Huo wa pili ndio unaowakosesha wengi usingizi: ujumbe unabaki na tiki moja, katibu anadhani simu imezimwa, kumbe nambari ya kanisa haijahifadhiwa. Dakika 2 za ibada ya Jumapili zinatosha kumaliza tatizo hili. Nambari isomwe polepole mimbarani, simu zitolewe, jirani amsaidie jirani kuihifadhi.

Chaneli ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2023, naiona inafaa kwa neno la siku na mahubiri, haifai kwa mambo ya ndani ya kanisa. Ni ya hadhara, na jumbe zake hukaa siku 30 tu.

Bango zuri lisilosomeka

Hapa ndipo makanisa ya mjini hupotelea. Kijana wa vyombo anatengeneza bango lenye rangi, picha ya mhubiri na maandishi ya dhahabu, linatumwa bila hata neno moja chini yake. Anayejibana na bando la siku amezima upakuaji wa picha, kwa hiyo anaona kijimraba chenye ukungu na anakipita. Mzee asiyeona vizuri anakuza picha hadi herufi zinavunjika. Asiyeona kabisa, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, anasikia neno "picha" basi. Na wiki ijayo mtu akitafuta neno "ubatizo" kwenye kundi hapati kitu, kwa sababu maandishi yako ndani ya picha.

Maneno yatangulie, bango lifuate. Mstari wa kwanza uwe jambo lenyewe: nini, siku gani, saa ngapi, wapi. Salamu na aya ya Maandiko zije chini, kwa sababu kwenye arifa ya simu iliyofungwa mtu anaona mistari 2 tu, na mistari hiyo ikiwa "Bwana Yesu asifiwe wapendwa katika Kristo, ni matumaini yangu mu wazima" hatajua kama ni harusi au mazishi.

Saa nazo ziandikwe kwa tahadhari. "Saa 9" ni alasiri kwa mtu wa Kisauni aliyezoea saa za Kiswahili, na ni asubuhi kwa kijana wa ofisini. Mkutano mmoja unapata vikundi viwili, kimoja kimewahi kwa saa 6. Andikeni hivi kila mara: saa tisa alasiri (15:00). Mkiisha kukubaliana juu ya mtindo huu, msiubadilishe.

Mkikosea, ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, lakini aliyekwisha kuusoma hapati arifa mpya. Kosa la tahajia hurekebishwa hivyo. Kosa la saa au mahali halirekebishwi hivyo hata kidogo: tumeni ujumbe mpya unaoanza na neno MABADILIKO, kisha mfute wa zamani. Kwa tangazo linalohitaji kukaa juu, libandikeni kileleni mwa kundi. WhatsApp huruhusu saa 24, siku 7 au siku 30.

Orodha ya michango

Kila Mkenya anaijua: jina la marehemu au harusi juu, kisha 1, 2, 3, kila mmoja anakili orodha yote, anaongeza jina lake na kiasi chini, anaituma upya. Ina kasoro ya kiufundi ambayo huleta ugomvi wa kweli. Watu wawili wakinakili orodha yenye majina 23 kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza la 24. Wa tatu ananakili iliyo chini kabisa. Hapo jina moja limeshatoweka, na mwenye jina, aliyetoa shilingi 1,000, anajiona kama hakutoa kitu. Baada ya majina 60 hakuna tena orodha ya kuaminika.

Mhazini ndiye aandike, peke yake, akitumia taarifa ya M-Pesa ya nambari ya kanisa. Kwenye kundi aweke jumla tu, mara moja kwa siku, saa ile ile. Aliyetoa kidogo hatahukumiwa na macho ya watu, na yule mjane anayetoa 50 ataendelea kutoa. Atakayetaka kuhakikisha jina lake amwulize mhazini faraghani.

Nambari ya Paybill iandikwe kwa maandishi, isiwe ndani ya bango, ili mtu anakili badala ya kuandika kwa kubahatisha. Jina la akaunti liwe fupi na moja kwa kila shughuli: ZAKA, SADAKA, UJENZI. Watu wakiachiwa kuandika watakavyo, mhazini atapata "jengo", "ujenz" na "Mungu ni mwema", na hatajua azigawe vipi. Tena itangazwe mimbarani kwamba Paybill ya kanisa haiwezi kubadilishwa kwa ujumbe wa simu. Kabla malipo hayajakamilika, M-Pesa humwonyesha mtu jina la anayepokea. Likiwa si la kanisa, ayasitishe hapo hapo.

Laini ni ya nani?

Swali hili linapaswa kuulizwa kabla ya yote. Makanisa mengi yanatumia nambari ya katibu mwenyewe. Katibu akihamia Nairobi, au wakikosana na wazee wa kanisa, anaondoka na kundi, majina yote na historia ya miaka 5. Laini isajiliwe kwa jina la kanisa, simu ikae ofisini, na wasimamizi wawe 3 angalau: mchungaji au padre, katibu, na kijana mmoja anayejua mitambo. WhatsApp Business ni bure na inatosha. Ina majibu ya haraka yaliyoandikwa tayari (saa za ibada, masharti ya ubatizo, nambari ya Paybill), na akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa 4 vingine. Laini hiyo itiwe salio na itumike mara kwa mara, maana isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye ikauzwa kwa mtu mwingine.

Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6. Utapeli unaozunguka unaanza hivi: mwizi anajaribu kuingia WhatsApp kwa nambari ya mshirika, tarakimu 6 za uthibitisho zinakuja kwa SMS kwenye simu ya mwenyewe, kisha mwizi anamwandikia kwa jina la rafiki ambaye akaunti yake imeshatekwa: "Dada, nimekutumia tarakimu kwa bahati mbaya, nirudishie." Akizirudisha, akaunti imekwenda, na jioni hiyo kundi zima linaombwa pesa ya hospitali. Mwenye PIN ya hatua mbili hata akitoa zile tarakimu za SMS, mwizi anakwama kwenye PIN.

SMS za jumla

Mtu mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hana WhatsApp. Mwenye simu janja ambaye bando limeisha Alhamisi hana WhatsApp pia, mpaka atie bando tena. SMS inawafikia wote wawili, nayo husomwa kwa sababu simu za siku hizi hazipokei SMS nyingi za watu. Kwa msiba, ibada iliyoahirishwa, au mafuriko yaliyofunga barabara ya kanisani, naipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Hununuliwa kwa kampuni zinazouza SMS za jumla. Africa's Talking ni mojawapo inayojulikana sana Kenya. Unalipa kabla, unaweka orodha ya nambari, unatuma. Jina la kanisa linaweza kuonekana badala ya nambari, lakini lisizidi herufi 11, na huombwa kwa barua rasmi kwa kila mtandao. Ombeni wiki kadhaa kabla ya Pasaka au Krismasi. Mwenye kupokea hawezi kujibu wala kupiga jina hilo, kwa hiyo nambari ya ofisi lazima iwemo ndani ya ujumbe, au ofisi iwe inajulikana na wote.

Sasa gharama, ambayo inajificha mahali pasipotarajiwa. SMS moja ni herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Tazama huu:

Ibada ya mazishi: Alhamisi saa 4 asubuhi (10:00), kanisani. Washirika wa ng'ambo, basi litawasubiri kivukoni Likoni saa 2.30 asubuhi (08:30). Maswali: ofisini.

Ni herufi 159, SMS moja. Lakini ukiuandika kwanza kwenye Word au kwenye simu inayojirekebisha, ile alama iliyo kwenye "ng'ambo" hugeuka ikawa ya kupinda. Alama ya kupinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, na ikiwemo hata moja, ujumbe wote unahamia seti nyingine ambayo SMS moja ni herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande ni 67. Ujumbe ule ule unakuwa vipande 3. Kwa washirika 600 mnalipia SMS 1,800 badala ya 600, kwa sababu ya alama moja. Nukta tatu zilizojiunganisha na kijialama cha mikono inayosali hufanya vivyo hivyo. Mtambo wa kutumia huonyesha idadi ya vipande kabla ya kutuma. Atakayetuma aangalie pale, na akiona 3 penye 1 aifute alama ile na kuiandika upya hapo hapo mtamboni. Makampuni ya nje huenda yasilione hili haraka, lakini Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo na kung'aa kila siku.

Kosa la pili liko kwenye jedwali la nambari. Excel huiona 0712 kama hesabu na kuikata sifuri ya mbele, na nambari inayoanza 2547 huigeuza kuwa kitu kama 2.547E+11. Faili hiyo ikipakiwa, nusu ya jumbe zinashindwa na hakuna anayeelewa kwa nini. Safu ya nambari ifanywe ya maandishi kabla ya kuandika chochote, na zote zianze na 254, zikiwemo zile za 01 ambazo huwa 2541. Baada ya kila utumaji fungueni ripoti ya kufika. Nambari iliyoshindwa mara 3 mfululizo apewe mzee wa eneo, amfuate mwenyewe nyumbani. Mara nyingi amebadilisha laini, na mara nyingine ana shida ambayo kanisa lilipaswa kuijua.

Barua pepe

Waumini wengi wana anwani ya Gmail waliyofunguliwa na muuza simu dukani, na nenosiri walishalisahau siku ile ile. Wengine sanduku limejaa: zile GB 15 za bure za Google ni za barua, picha na faili pamoja, na picha zikishazimaliza, barua zinarudishwa kwa aliyetuma. Kutangaza ibada kwa njia hii ni kupoteza nguvu.

Lakini kwa kumbukumbu za baraza la kanisa, bajeti, barua za dayosisi, vyeti vya ubatizo na mawasiliano na washirika walioko Uingereza au Ghuba, hakuna kinachoishinda. Kumbukumbu zikitumwa WhatsApp, mwaka ujao hazipatikani. Zikitumwa kwa barua pepe yenye kichwa kilichoandikwa vizuri, kwa mfano "Kumbukumbu za Baraza, Machi, kwa kuthibitishwa", zinapatikana kwa sekunde. Anwani iwe ya ofisi, isiwe ya mtu. Kwa kamati ya watu 20, fungueni Google Groups: anwani moja inawafikia wote, na mjumbe akibadilika anatolewa mara moja bila kila mtu kurekebisha orodha yake.

Mkituma kwa wengi, anwani zao zikae kwenye sehemu iliyofichwa ya Bcc, la sivyo kila mtu ataona za wenzake, na "jibu wote" wa kwanza ataanzisha fujo. Gmail ya bure inakoma kwenye wapokeaji 500 kwa siku, na kiambatisho kisizidi MB 25. Hata 25 ni nyingi mno kwa mtu anayefungua kwa simu. Punguzeni picha hadi PDF iwe chini ya MB 1.

Matangazo ya moja kwa moja ya video nitayapita haraka: YouTube kwa simu inadai wafuasi 50 kwanza, na Facebook tangu Februari 2025 hufuta video za moja kwa moja baada ya siku 30, kwa hiyo ibada ya kuwekwa ukumbusho ipakuliwe mapema.

Sheria na siri za watu

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu na hali ya afya yake miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha ya waumini wa kanisa ni taarifa nyeti tangu mstari wa kwanza. "Tumwombee dada yetu, amelazwa, figo zimeshindwa" ni ujumbe wa upendo, lakini kwenye kundi la watu 400 ni siri ya mgonjwa iliyomwagwa bila ruhusa yake. Aulizwe kwanza yeye au jamaa yake wa karibu: jina litajwe, ugonjwa utajwe, au tuseme tu "mshirika wetu"? Picha za watoto wa shule ya Jumapili zinataka idhini ya mzazi. Anayehama kanisa anapoomba nambari yake ifutwe, ifutwe kwenye makundi, kwenye jedwali la SMS na kwenye ile nakala ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta ya katibu aliyepita.

Idhini hiyo huchukuliwa kwa fomu ya karatasi, nusu ukurasa, inayogawiwa Jumapili 2 mfululizo na kubaki mezani kwa wageni: jina, nambari ya simu, eneo analokaa, njia anayotaka kufikiwa nayo (WhatsApp, SMS, barua pepe, au kupigiwa), na mstari wa sahihi unaosema anakubali kanisa litunze taarifa hizi kwa matangazo yake. Kwa anayeandika "kupigiwa", jina la mzee wa eneo atakayempigia liandikwe pale pale kabla fomu haijaingia faili.